Zumari ya kiriba

Ala ile ya Uskoti yenye mfuko wa kubana kwapani na mabomba yaliyoegemea begani haifai kuitwa filimbi. Katika filimbi, pumzi hupasuliwa na ukingo wa tundu ndipo sauti itoke. Hapa sauti hutoka kwenye ulimi wa tete unaotetema, kama katika zumari ya mwambao. Basi nusu ya jina tunayo tangu zamani. Nusu ya pili ni kiriba, mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji, ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kwa habari ya divai mpya. Waarabu huiita mizmar al-qirba, na kiriba chetu ni neno lao hilohilo.

Kinachoitenga na zumari ya kawaida ni namna ya kuhifadhi pumzi. Mpiga zumari stadi hujaza mashavu hewa, akaisukuma nje huku akivuta nyingine puani, sauti isikatike. Kiriba kimeichukua kazi hiyo ya mashavu. Mpigaji hukijaza kwa mrija wenye kilango kinachozuia hewa isirudi kinywani, kisha hukibana kwa mkono, na hata anapopumzisha midomo muziki huendelea. Zumari ya Uskoti ina bomba moja la matundu, linalotoa noti 9, na mabomba mengine matatu ambayo kila moja hushikilia sauti moja mwanzo hadi mwisho. Hayo matatu napendekeza yaitwe mabomba ya mvumo.

Lakini mvumo si sharti la ala hii. Katika nchi za Ghuba, ambako kiriba hutamkwa jirba, ala hiyo huwa na mabomba mawili ya matundu yaliyofungwa sambamba, bila bomba la mvumo. Mezoued ya Tunisia ni hivyohivyo, na kwa miaka mingi redio ya nchi hiyo iliikwepa kwa kuwa ilihesabiwa muziki wa vitongoji vya wanyonge. Palipo na kiriba na ulimi wa tete, jina linatosha.

Hata Warumi waliichukulia ngozi kuwa kiini cha ala. Mwandishi wao Suetonius anaeleza kuwa Kaisari Nero, siku zake za mwisho, aliweka nadhiri kwamba akinusurika atapanda jukwaani kama utricularius, yaani mpigaji wa ala ya kiriba. Asili ya neno hilo ni uter, kiriba. Hapo ni karne ya 1, na Uskoti bado haijatajwa popote katika habari za ala hii. Wafugaji wa milima ya Rodope nchini Bulgaria hutumia ngozi nzima ya mbuzi: bomba la matundu hukaa shingoni, mengine kwenye miguu ya mbele. Wimbo mmoja wa huko, ulioimbwa na Valya Balkanska ukisindikizwa na zumari hizo, uliwekwa kwenye santuri za dhahabu zilizorushwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977.

Uskoti iliipeleka vitani, na kwa hilo ikailipia damu. Baada ya uasi wa 1745 dhidi ya mfalme wa Uingereza, mpigaji James Reid alishtakiwa mjini York. Alijitetea kwamba hakubeba silaha yoyote. Mahakama ikasema jeshi la nyanda za juu za Uskoti haliendi vitani bila mpigaji, hivyo ala yake ni zana ya vita. Alinyongwa mwaka 1746. Kesi hiyo inanihuzunisha kila niisomapo. Jeshi la Uingereza, ambalo liliwashinda waasi hao, baadaye lilizitukuza zumari hizohizo: Daniel Laidlaw alipata nishani ya Victoria Cross kwa kupiga juu ya handaki huko Loos mwaka 1915, na Bill Millin akapiga ufukweni Normandy tarehe 6 Juni 1944.

Zumari ya kiriba ya Ireland, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2017, haiguswi na midomo kabisa. Mwanamuziki huketi, akajaza kiriba kwa mvukuto anaousukuma kwa kiwiko. Kwa ajili yake, istilahi ya mwanamuziki mwenyewe iwe mpiga zumari ya kiriba, wala si mpuliza.