Ndiva na Bandari: Kuupima Mji wa Tanga



Wazee wa Upare hawakulima kwanza kisha wakatafuta maji. Walijenga ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanya maji ya mfereji usiku. Asubuhi hufunguliwa, na mashamba hunyweshwa kwa zamu. Ukubwa wa ndiva ndio mpaka wa mashamba. Mtu aongezaye shamba pasipo kuongeza ndiva amnyang'anya jirani yake zamu.

Leo nataka tuupime kwa kipimo hicho mji wa Tanga, ambao tangu zamani ni mlango wetu wa bahari. Je, waweza kukua bila kumnyang'anya mtu zamu?

Reli ilianza kujengwa huko Tanga mwaka wa 1893. Ikafika Korogwe mwaka wa 1902, Mombo mwaka wa 1905, Buiko mwaka wa 1909, ikapita Same chini ya milima yetu, hata ikafika Moshi mwaka wa 1911. Mwaka ule ule wa 1893 Dk. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Ikasalimika 62 tu. Katika hiyo michache yakatoka mashamba makubwa. Mkonge ulihitaji reli, na reli ilihitaji mzigo. Kwa hao wawili mji ukanenepa.

Lakini mji ulitegemea nguzo moja. Bei ya mkonge ilipoanguka baada ya mwaka wa 1964, kwa sababu ya kamba za viwandani zisizotokana na mmea, Tanga nayo ikadhoofika. Mtwara ni onyo kubwa zaidi. Katika mpango wa karanga, ulioanza mwaka wa 1947, ilijengwa bandari, na reli ya kwenda Nachingwea, kabla ya kujua kama karanga zitastawi. Hazikustawi. Mpango ukaachwa mwaka wa 1951, na reli ikang'olewa katika miaka ya 1960. Hao walijenga mfereji kabla ya kuona chemchemi.

Sasa Tanga yakua tena. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2012 ilionyesha watu 273,332. Ile ya mwaka wa 2022 ilionyesha 393,429. Maana yake, palipokuwa na watu saba pamekuwa na kumi. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, na mizigo ikavushwa kwa matishari, hivyo kila gunia lilishikwa mara mbili. Katika kazi iliyoanza mwaka wa 2019, kina kiliongezwa hata mita 13, na gati za mita 450 zikajengwa. Tena huko Chongoleani ndiko mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 litokalo Uganda.

Basi bandari imepanuliwa. Na ndiva je? Maji ya kunywa ya Tanga hutoka katika bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka wa 1978 katika mto Sigi. Mto huo wazaliwa katika misitu ya Amani. Msitu ukikatwa, udongo hushuka na kujaza bwawa, na mji hupata kiu ingawa gati zake ni ndefu. Kwa hiyo mkulima wa mlimani ashikaye shoka ashika pia bomba la mtu wa mjini.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Mto Pangani, upitao ng'ambo ya milima yetu, ulijengewa mitambo ya umeme ya Hale mwaka wa 1964 na ya maporomoko ya Pangani mwaka wa 1995. Juu yake liko bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka huko ndiko yaletwako maji ya Mwanga na Same kwa mradi uliofunguliwa mwaka wa 2025. Maji ni yale yale: wa juu ataka kunywa na kunywesha, wa chini ataka taa.

Sisemi mji usikue. Vijana wetu huenda huko kutafuta kazi, na tangawizi yetu yahitaji soko. Nasema wapangao mji wasihesabu majumba na gati peke yake. Wahesabu misitu, mito na watu wakaao juu, nao wawe na kiti katika baraza la kugawa maji. Katika ndiva, mwenye shamba la juu na mwenye shamba la chini huzibua matope pamoja. Ndiyo sababu zamu huheshimiwa.