Shwari ya nchi kavu na shwari ya baharini

Ukiulizwa hali, unajibu “shwari”, na aliyeuliza anaridhika. Mpe jibu hilo nahodha aliye bahari kuu, injini imezima, uone atakavyokutazama.

Kwa wenye matanga, shwari ni upepo kukatika. Maji yanalala, tanga linaning’inia kwenye foromali, chombo kinayumba bila kwenda mbele. Mwishoni mwa 1938, baharia Alan Villiers wa Australia alipanda jahazi la Wakuwait huko Aden, akaja nalo hadi Zanzibar kwa kaskazi. Halikuwa na injini. Katika vyombo vya aina hiyo shwari ikiingia ni kungoja tu, huku mabaharia wakishona matanga.

Siku hizi mashua za tanga za safari ndefu hubeba injini ya dizeli, hasa kwa ajili ya siku kama hizo. Nayo ina visa vyake. Mawimbi yakiitikisa mashua, taka zilizotulia chini ya tangi hutibuka na kuziba chujio. Hewa ikiingia kwenye mpira wa dizeli, injini inakohoa na kuzima. Fundi, ambaye mara nyingi ndiye mpishi, analegeza nati na kupampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Wakati shwari ikiendelea, maji ya kunywa yanapimwa kwa kikombe. Zamu za usiku haziahirishwi.

Sisi wa nchi kavu tuendelee kujibizana kwa shwari. Ila ukimuaga msafiri wa tanga, tafadhali mtakie upepo.