Kwa nini biti huvunjika: historia ya maswali mawili

Leo tuache kidogo mambo ya tovuti na hifadhidata, tuingie karakana. Kila anayechonga mbao ngumu kwa mashine ya CNC hujiuliza swali hili mapema: mbona biti zinavunjika, hasa mchongo ukiwa wa kina? Si swali la mchezo. Ubao wa mvule uliokauka vizuri ni ghali, na biti ikikatikia ndani huacha kovu kwenye kazi ya siku nzima.

Wengi husema biti ni feki. Huenda. Lakini tatizo ni la zamani zaidi. Fundi wa patasi akifika kwenye fundo la mti, mkono humwambia alegeze. Mashine ya kawaida ya CNC haina mkono huo. Inafuata namba tu, hata kama mbele kuna ukuta. Kwa hiyo hisia zote za fundi lazima ziingizwe kwenye namba, na kazi hiyo imechukua zaidi ya miaka mia moja.

Miezi sita iliyogeuka miaka 26

Mwaka 1880, katika kiwanda cha Midvale Steel mjini Philadelphia, Marekani, Frederick Winslow Taylor alianza majaribio ya kukata chuma. Yalikusudiwa kudumu miezi isiyozidi sita. Matokeo yalisomwa mbele ya chama cha wahandisi mwaka 1906, baada ya majaribio kati ya 30,000 na 50,000, na zaidi ya tani 360 za chuma kugeuzwa vipande.

Alitafuta majibu ya maswali mawili ambayo fundi hujiuliza kila siku: mashine izunguke kwa kasi gani, na kifaa cha kukatia kisogee kwa kasi gani? Taylor aligundua kwamba jibu linategemea mambo 12, yakiwemo ugumu wa kinachokatwa, unene wa kipande kinachotoka na kina cha mkato. Hakuna fundi anayeweza kuyapiga hesabu yote kichwani. Ndipo mwenzake, Carl Barth, akatengeneza rula maalum za kukokotolea. Kwa lugha yetu, hiyo ilikuwa programu kabla ya tarakilishi.

Vifaa navyo vilibadilika. Taylor na Maunsel White walipata feleji inayokata hata ikiwa nyekundu kwa moto. Katika miaka ya 1920, kampuni ya Krupp ya Ujerumani ikaanza kuuza kabaidi ya tangsteni kwa jina la Widia. Biti nyingi za leo ni za kabaidi. Ni ngumu sana na hazichakai upesi, lakini hazivumilii kupinda. Feleji hupinda kwanza, kabaidi hukatika ghafla.

Mashine inapewa namba

Katika miaka ya 1940, John T. Parsons wa Michigan alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Yeye na mhandisi Frank Stulen walitumia mashine za IBM za kadi zilizotobolewa kukokotoa umbo. Mwaka 1949 Jeshi la Wanahewa la Marekani lilimpa kandarasi, naye akaishirikisha maabara ya chuo cha MIT. Mwaka 1952 MIT ikaonyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa na utepe uliotobolewa, huku ikisogea katika mihimili mitatu.

Baadaye ikaja lugha ambayo wengi tunaijua, G-code. Ukiisoma utakutana na herufi S, kasi ya kuzunguka, na F, kasi ya kusogea. Ni maswali yaleyale mawili ya Taylor! Lakini tazama kisichokuwemo: mstari wa G-code haujui biti imezama kiasi gani ndani ya mbao. Ikiingia kwenye kona, mbao huizunguka zaidi na mzigo hupanda, ilhali F imebaki ileile. Hapo ndipo biti nyingi hufia.

Programu inayokumbuka mbao

Dawa ilitoka kwa waandishi wa programu. Katika miaka ya 2000, Julian Todd na Martin Dunschen wa Uingereza waliandika algoriti inayokumbuka mbao iliyobaki, kisha inachora njia ya mizunguko ili biti isile kupita kiasi, hata konani. Leo mbinu hiyo imo hata katika FreeCAD, ambayo ni ya bure.

Haya basi, historia hiyo inatufundisha nini mbele ya ubao?

Kwanza, fupisha biti. Ikitokeza mm 40 badala ya mm 20, kwa nguvu ileile hupinda mara 8 zaidi. Biti ya mm 6 nayo ni imara mara 16 kuliko ya mm 3 yenye urefu uleule. Kwa hiyo toa mbao nyingi kwa biti nene, halafu nakshi ndogo uimalizie kwa biti nyembamba.

Pili, shuka kidogo kidogo. Kwa mbao ngumu anza na nusu ya kipenyo: biti ya mm 6, mm 3 kwa kila mpito.

Tatu, piga hesabu ya F. Mizunguko 18,000 kwa dakika, mara meno 2, mara mm 0.08 kwa kila jino, ni mm 2,880 kwa dakika. Mashine ikilemewa, punguza kina, au punguza mizunguko na F kwa pamoja. Ukipunguza F peke yake, biti itasugua badala ya kukata, itapata moto na kuwa butu, na biti butu husukumwa kwa nguvu zaidi.

Nne, ondoa maranda. Kwenye mfereji wenye kina hayana pa kutokea, hivyo biti huyakata tena na tena. Yafyonze au yapulize.

Na usiiache mashine peke yake ukaenda chai. Sauti ya mkato ikibadilika, sikio lako litajua kabla ya biti kukatika.