Skrubu Isiyo na Kichwa

Kuna namna moja ya kuharibika ambayo karibu kila mwenye gari dogo la rimoti anaijua. Unabonyeza, mota inalia kwa sauti kali kuliko kawaida, lakini magurudumu yametulia. Betri ni nzima na waya ni nzima. Ukifungua kifuniko cha gia unaikuta pinioni, yaani ile gia ndogo ya chuma inayovaa kwenye shafti ya mota, imelegea. Shafti inazunguka ndani yake bure, kama kidole ndani ya pete iliyozidi ukubwa.

Shafti yenyewe ni nyembamba. Katika mota za aina ya 540, ambazo zimetumika kwenye magari haya tangu miaka ya 1970, unene wake ni milimita 3.17, yaani sehemu moja ya nane ya inchi. Mota hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na kazi yote inapita kwenye skrubu moja iliyozama ubavuni mwa pinioni. Skrubu hiyo haina kichwa. Ina tundu dogo la pembe sita, na hukazwa kwa ule ufunguo wenye umbo la herufi L ambao mafundi wengi huuita Allen. Ufunguo ukiwa wa bei rahisi, tundu linakuwa duara baada ya kukazwa mara chache, na hapo skrubu haikazi wala haifunguki.

Wanaocheza magari haya huilaumu sana skrubu hii, na malalamiko yao yana maana. Bolti yenye kichwa ungeishika kwa spana na kuikaza kwa nguvu zako zote. Kwa nini basi mtu aliikata kichwa? Ninasoma historia ya teknolojia katika shahada ya uzamili, na kwa muda sasa swali hili dogo limenishika kuliko historia za injini na reli. Jibu lake liko kwenye viwanda vya miaka zaidi ya 100 iliyopita, na linahusu miili ya watu.

Kabla kila mashine haijapata mota yake, kiwanda kizima kiliendeshwa na injini moja, ya mvuke au ya maji. Injini ilizungusha shafti ndefu iliyotundikwa chini ya dari, na juu ya shafti kulikuwa na puli, moja kwa kila mashine, zilizounganishwa na mashine kwa mikanda ya ngozi. Puli nyingi zilishikiliwa kwenye shafti kwa njia ileile inayoshikilia pinioni leo: skrubu inapita ubavuni na ncha yake inauma shafti. Tofauti ni kwamba skrubu ya wakati ule ilikuwa na kichwa cha pembe nne kilichojitokeza nje.

Shafti ikizunguka kwa kasi, kichwa hicho hakionekani. Jicho linaona chuma laini kinachong'aa. Fundi anayepanda ngazi kutia mafuta, au kibarua anayerudisha mkanda uliochomoka, akisogea karibu, kichwa cha skrubu kinakamata mkono wa shati au pindo la aproni. Nguo inajiviringa kwenye shafti na kumvuta mwenyewe. Injini iko chumba kingine, na mpaka mtu aisimamishe, muda umeshapita. Watu walikatika viungo na wengine walikufa kwa sababu ya kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa kifundo cha kidole.

Suluhisho la kwanza lilikuwa kuikata skrubu kichwa na kuipasua mfereji juu ili ikazwe kwa bisibisi. Lakini mfereji hauwezi kubeba nguvu kubwa; bisibisi inateleza, kingo zinavunjika, na puli inalegea. Kiwanda kikawa na uchaguzi mbaya: skrubu inayokaza vizuri na inayoua, au skrubu salama isiyokaza.

Mwaka 1910 William G. Allen, wa Hartford katika jimbo la Connecticut, Marekani, alipata hataza ya njia ya kutengeneza skrubu yenye tundu la pembe sita ndani yake. Ufunguo uliingia ndani ya skrubu badala ya kuishika kwa nje, kwa hiyo ilikazwa kwa nguvu na hakuna kilichojitokeza. Kampuni yake iliiuza kwa jina la skrubu ya usalama. Hartford ilikuwa mahali pake hasa. Ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, kuanzia kile cha bunduki za Colt, na wakati huohuo mji wa bima. Kampuni ya Travelers ilianza kuuza bima ya ajali huko miaka ya 1860. Mwaka 1913 Connecticut ikapitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Mkono wa mtu ukawa na bei ambayo mwajiri alipaswa kuihesabu, na skrubu ya senti chache ikaanza kuonekana rahisi.

Wazo hilo likasafiri hadi kwetu kwa njia ya sheria. Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya mwaka 1937 iliagiza kwamba katika mashine mpya, kila skrubu, bolti au kabari iliyo kwenye shafti, gurudumu au pinioni inayozunguka izamishwe, ifunikwe au ikingwe isilete hatari. Serikali za kikoloni za Kenya na Tanganyika zilipotunga sheria zao za viwanda mwaka 1950, zilifuata kielelezo hicho cha Uingereza.

Hata hivyo, usalama ule ulikuwa na gharama. Skrubu ndogo iliyozama inashika kwa msuguano tu, na msuguano una adui. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinachofungua skrubu zaidi ni kusogezwa ubavu kwa ubavu. Vipande viwili vikitelezeana kidogo, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, msuguano kwenye nyuzi unapotea kwa kitambo, na skrubu inajizungusha yenyewe kurudi nyuma. Pinioni ya gari la rimoti inasukumwa mbele na nyuma kila unapoongeza mwendo na kila unapofunga breki. Ni mashine ya kufungulia skrubu.

Dawa ya hilo ilikuwa imeshapatikana, na kwa bahati ilitoka mji uleule. Vernon Krieble alikuwa profesa wa kemia katika Trinity College ya Hartford. Mwanawe alifanya kazi General Electric, ambako kulikuwa na kimiminika cha ajabu: kilibaki majimaji kikipulizwa hewa, na kiliganda kikikosa hewa. Hakikuuzika, kwa kuwa nani angekaa dukani akipuliza chupa? Mwaka 1953 Krieble, akikaribia miaka 70, alipata mchanganyiko uliotulia kwenye chupa bila kupulizwa. Ukiuweka kwenye nyuzi za skrubu na kukaza, hewa inakosekana, chuma chenyewe kinaamsha kemikali, na majimaji yanageuka plastiki ngumu inayojaza kila nafasi. Mwaka 1956 ilitangazwa sokoni kwa jina la Loctite. Hadi leo chupa yake haijazwi, na imetengenezwa kwa plastiki inayopitisha hewa. Mnunuzi anaweza kudhani amepunjwa, kumbe ile nafasi tupu ndiyo inayozuia dawa isigandie humo humo.

Kwa hiyo anayefunga pinioni leo anarudia historia hii kwa mikono yake. Anageuza shafti mpaka upande wake bapa utazamane na skrubu, ili ncha ikae juu ya ubapa huo. Anafuta mafuta kwenye nyuzi kwa spiriti. Anatia tone moja la ile ya bluu, kwa maana nyekundu huhitaji moto ili kufunguka, na analichunga tone lisifike kwenye beringi wala kwenye plastiki, ambayo baadhi yake hupasuka ikiguswa na dawa hiyo. Anatumia ufunguo mzuri wenye kingo kali, anakaza, kisha anaacha dawa ikauke mpaka kesho yake. Ile kero ya tundu dogo na ufunguo mwembamba ndiyo iliyobaki ya bei ambayo zamani ililipwa kwa mikono ya watu.

Kwenye gari la kuchezea, kichwa cha skrubu kisingemdhuru mtu. Kwingine kingali kinadhuru. Nilipoanza kusoma habari hizi nilikwenda kwenye mashine ya kusaga ya mtaani kwetu, mahali ambapo nimepeleka mahindi tangu utotoni bila kuangalia juu ya meza. Mkanda unapita wazi kati ya mota na kinu. Kwenye puli, bolti imejitokeza kama nusu kidole. Mashine ilipowashwa sikuiona tena. Mama mmoja alisimama hatua mbili kutoka hapo, ncha ya khanga yake ikipeperuka kwa upepo wa mkanda.

Nilimsubiri msagaji azime. "Kaka, hii bolti haiwezi kumkamata mtu?"

"Inaweza," akasema, akipangusa unga usoni. "Ila tumeizoea, dada."

Nilimwonyesha kwenye simu picha ya skrubu isiyo na kichwa. Aliikuza, akaiangalia kwa muda, akauliza inapatikana wapi. Nikamwambia duka la vipuri lolote kubwa, aende na ile bolti ya zamani wapime nyuzi. Akaniuliza na ufunguo wake je, maana yeye ana spana tu.