Kuwasha Mota Kubwa Katika Viwanda vya Chai vya Meru na Embu

Mota ya umeme ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 6 hadi 8 ya ule inaoutumia ikishashika kasi. Mota ya kilowati 75 kwenye laini ya volti 415, ambayo kazini hutosheka na ampea 130 hivi, katika sekunde za mwanzo hudai 800 au zaidi.

Kwa muda mrefu Meru na Embu hazikusumbuliwa na jambo hilo. Kahawa, ambayo serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wachache wa Meru, Embu na Kisii kuilima katika miaka ya 1930, humenywa kwa mashine ndogo. Mkono au injini ya dizeli hutosha. Maji ya mashambani nayo huteremka yenyewe kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyambene. Ni chai iliyoleta mota kubwa. Baada ya Kenya Tea Development Authority (KTDA) kuundwa mwaka 1964, chai ya wakulima wadogo ilipata viwanda vyake: Mungania, Kathangariri na Rukuriri upande wa Embu, Imenti, Githongo, Kinoro, Kiegoi na Michimikuru upande wa Meru. Humo kuna feni za kunyausha majani, vikaushio, na mashine za CTC za kukata na kusaga majani, ambazo asili yake ni Assam, India.

Umeme wenyewe hauko mbali. Kwenye mto Tana, unaopakana na Mbeere, sehemu ya chini ya Embu, bwawa la Kindaruma lilianza kuzalisha mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Lakini mabwawa yako bondeni, na viwanda viko juu kwenye ukanda wa chai, karibu na msitu. Mwisho wa laini ndefu volti hushuka kwa urahisi: mota moja kubwa ikiwashwa, taa hufifia na kontakta (swichi za sumaku) za mashine nyingine zaweza kuachia.

Dawa ya zamani ni stata, yaani kifaa cha kuwashia mota, ya sta-delta. Huanza kwa kuunganisha nyaya za mota kwa mtindo unaopunguza mkondo wa laini hadi theluthi, kisha hubadilisha muunganisho. Ni rahisi na fundi yeyote huielewa, ila wakati wa kubadilisha mota hushtuka, na mshtuko huo huishia kwenye mikanda na gia.

Dawa mpya zaidi, stata laini, ilitokana na thairista, swichi ya kielektroniki iliyobuniwa katika kampuni ya General Electric, Marekani, mwaka 1957. Thairista mbili zilizopeana mgongo katika kila fezi huruhusu sehemu ndogo tu ya wimbi la umeme kupita, kisha huiongeza kidogo kidogo hadi mota ipate volti kamili. Mara nyingi kontakta ya pembeni huchukua kazi hapo, thairista zipumzike na kupoa.

Stata laini ina kasoro ambayo wauzaji hawaitaji sana. Nguvu ya kuzungusha hufuata mraba wa volti: volti zikiwa nusu, nguvu hubaki robo. Feni haina shida, kwa kuwa mzigo wake ni mdogo mwendo unapoanza. Mashine ya CTC iliyosimama ghafla na majani ndani ni habari nyingine. Sharti isafishwe kwanza. Wala stata laini haipunguzi sana umeme unaotumika siku nzima. Feni za kunyausha zinazohitaji kupunguzwa mwendo hufaidika zaidi na kiendeshi kinachobadilisha masafa ya umeme.

Haja ya kuwasha polepole huonekana zaidi laini ya taifa inapokatika na kiwanda kikategemea jenereta yake. Jenereta hulemewa upesi kuliko gridi, hivyo mota huwashwa moja baada ya nyingine, kila moja ikisubiri ya kabla yake ishike kasi.