Tulikuwa na Rali Kabla ya Rali: Historia ya Magari Inayokatikia Mto Tana

Hebu niseme hili mapema, kabla mbogi ya Subaru haijanirukia: Safari Rally naipenda. Tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, kila mwaka ikikaribia nashinda kwa simu nikicheki magari yakitimua vumbi la Naivasha. Shida yangu iko kwingine. Ukifuatilia historia ya magari Kenya, unapata Nairobi, Nakuru, Eldoret, Mombasa, unavuka hadi Kampala na Dar es Salaam. Ukifika Mto Tana, hadithi inakatika. Ni kama ng'ambo ya daraja la Garissa hakuna mtu amewahi kushika usukani.

Mimi nasema hivi: Kaskazini Mashariki imeendesha rali ngumu kwa miaka na mikaka, bila kombe, bila stika, bila mpiga picha. Na walioiendesha wanatutoka mmoja mmoja.

Turudi nyuma kidogo ndio tuelewane.

Mbio za magari hazikuanzia kwenye sakiti. Zilianzia barabarani, njia za kawaida zenye punda, mbwa na watu wanaoenda sokoni. Mwaka 1895 Wafaransa walitoa magari Paris mpaka Bordeaux na kurudi, kama kilomita 1,180. Émile Levassor alilishika gari lake la Panhard saa 48 na ushee, karibu bila kupumzika. Miaka nane baadaye, 1903, wakajaribu Paris mpaka Madrid. Wakafa madereva, wakafa watazamaji, na serikali ikasimamisha mbio palepale Bordeaux. Baada ya hapo Ulaya ikaanza kuhamishia mbio kwenye njia zilizofungwa, ambapo hakuna mama anavuka na kikapu.

Huku kwetu barabara iliendelea kuwa uwanja. Mei 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikaanzishwa Coronation Safari, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazo lilikuwa rahisi na ndio maana lilikuwa kali: leta gari la kawaida kama linavyouzwa dukani, twende nalo barabara za kawaida, tuone nani atarudi. Magari yaligawanywa kwa bei yake. Mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda na Volkswagen Beetle. Ndiyo, Beetle, kale kakobe. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Saba! Waliomaliza wakapewa jina la heshima ambalo mashabiki wanalitaja mpaka leo. Halafu 1965 Joginder Singh, Simba wa Kenya, akashinda na kaka yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Akarudia 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer.

Hizo ni hadithi tamu, na ni zetu pia. Lakini sasa chukua ramani ya 1953 uitazame upande wa juu.

Kule juu kulikuwa na Northern Frontier District, ile wazee wetu bado wanaita NFD. Garissa, Wajir, Mandera, Marsabit, Moyale, Isiolo. Sheria ya mwaka 1902 iliifanya sehemu iliyofungwa: mtu wa nje haingii bila kibali. Sheria nyingine ya 1934 ikampa mkoloni nguvu zaidi ya kuamua nani anatembea wapi. Kwa hiyo wakati wengine wanashindana nani atazunguka nchi tatu haraka zaidi, mtu wa huku alikuwa anatafuta karatasi ya kumruhusu tu kutoka. Barabara ileile ya Afrika Mashariki: kwa mmoja mchezo, kwa mwingine geti.

Usidhani basi magari hayakuwepo. Yalikuwepo, na mengi.

Rudi mpaka Januari 1941, miaka kumi na miwili kabla ya Coronation Safari. Vita Kuu ya Pili. Waitaliano wanashika Somalia na Ethiopia, Waingereza wako Kenya, na jeshi lao chini ya Jenerali Alan Cunningham limejipanga kando ya Mto Tana, Garissa na Bura. Kutoka huku likaingia Somalia. Tarehe 14 Februari likachukua Kismayu. Tarehe 25 Februari, Mogadishu. Tarehe 6 Aprili likaingia Addis Ababa. Zaidi ya kilomita 2,500 kwa muda wa miezi isiyofika mitatu, na msingi wa yote ulikuwa lori: lori la maji, lori la petroli, lori la chakula, lori la wanajeshi, kupitia nchi yenye mchanga, miiba na visima vya kuhesabu. Walikuwemo wanajeshi kutoka Afrika Kusini, Nigeria, Gold Coast na huku kwetu Afrika Mashariki.

Hebu fikiria hiyo kama rali. Umbali wa kuua, hakuna barabara, maji ya radieta yanagombaniwa na maji ya kunywa. Jenerali tunamjua jina. Tarehe tunazo. Dereva Mwafrika aliyelala chini ya lori akifunga springi iliyokatika usiku, na kesho yake akaendelea, yeye kwenye vitabu ni "usafiri" tu.

Halafu njoo 1963 tena. Ule mwaka wa magari saba. Tarehe 12 Desemba Kenya ikapata uhuru. Tarehe 28, siku kumi na sita tu baadaye, serikali mpya ikatangaza hali ya hatari huku kwetu, vita vya Shifta vikashika moto. Barabara zikategwa mabomu. Makubaliano ya kumaliza vita yalikuja 1967, lakini hiyo hali ya hatari haikuondolewa kisheria mpaka 1991. Yaani Joginder ameshinda mara zake tatu, Shekhar Mehta ameshinda zake tano, dunia nzima inajua Safari, na huku bado tunaishi chini ya sheria za vita.

Na malori yalitembea. Lazima yangetembea, kwani sukari ingefika Mandera vipi? Nairobi mpaka Mandera ni zaidi ya kilomita 1,000: Garissa, Modogashe, Habaswein, Wajir, El Wak, Rhamu. Kwenye ramani inaonekana mstari. Chini ni mchanga unaomeza tairi, na mvua ikinyesha ni tope jeusi linaloshika lori kwa siku kadhaa. Lagha, ule mto mkavu unaouvuka asubuhi kama uwanja wa mpira, jioni unaleta maji kutoka mahali ambapo hata mvua hukuiona, na linakubeba na mzigo wako.

Dereva wa hiyo njia hakuwa dereva tu. Alikuwa fundi, maana hakuna wa kumpigia simu. Alikuwa msomaji wa ardhi: anashuka, anatembea mbele kwa miguu, anakanyaga, anarudi na kuamua. Alikuwa na utingo wake na zile mbao za kutupia chini ya tairi, majembe, jeki, mitungi ya maji, na abiria juu ya turubai waliojua kwamba wakisema "shukeni tusukume", ni kila mtu. Zamani waendesha rali walisifiwa kwa kutengeneza gari wenyewe porini na kuendelea. Hawa walifanya hivyo kila wiki ili watu wale.

Hata leo rali haijaisha. Pikapu za miraa kutoka Maua zinakimbizana na saa, maana mzigo ukipita siku mbili hivi umeshapoteza nguvu. Sitaipamba. Hiyo mbio inaua watu, na waliokufa hawakujiandikisha kushindana. Ni yaleyale ya Paris–Madrid 1903, barabara yenye watu ikigeuzwa uwanja. Tofauti ni kwamba kule walisimamisha.

Sasa tuje kwa watunzaji.

Kenya ina watu wanaotunza magari ya zamani, na wanajua kazi. Tangu 1970 kuna Concours d'Elegance kule uwanja wa farasi wa Ngong Road, magari na pikipiki za zamani zinakaguliwa kuanzia injini mpaka uvungu. Tangu 2003 kuna East African Safari Classic Rally, magari ya enzi zile yanarudishwa barabarani kukimbia tena. Uingereza nao kila Novemba magari yaliyotengenezwa kabla ya 1905 yanatoka London mpaka Brighton, mengine yakikohoa njia nzima.

Wengine hapa watasema "hao ni matajiri wanacheza na vyuma." Mimi siko hapo. Angalia wanachofanya kweli: wanaweka picha, wanatunza logibuku, wanajua namba ya chesi, wanajua nani aliendesha nini mwaka gani. Ndiyo maana Volvo ya 1965 ina hadithi na lori lililolisha Wajir mwaka huohuo halina. Lori halikukosa historia. Lilikosa mtu wa kuiandika.

Kuna anayesema, "Buda, lori ni lori. Halikushindana na mtu." Sawa, lakini kumbuka Safari ilianza vipi: gari la kawaida, barabara ya kawaida, tuone nani atarudi. Kwa kipimo hicho, niambie nani alikuwa kwenye rali zaidi. Mwingine atasema hiyo njia ilibeba magendo pia. Ilibeba. Historia ya barabara inabeba kila kilichopita juu yake, na tukichagua mazuri pekee tutakuwa tunatengeneza tangazo.

Mbona napiga kelele sasa? Kwa sababu vitu viwili vinatokea kwa pamoja. Barabara ya Isiolo–Wajir–Mandera inajengwa, na lami ikifika sitalia hata chozi moja. Mama mjamzito wa El Wak anaihitaji kuliko mimi ninavyohitaji hadithi. Lakini siku hiyo, ujuzi wa kusoma lagha utaacha kuwa kazi na utakuwa kumbukumbu, na kumbukumbu bila mtunzaji haikai. Pili, mabodi ya malori ya zamani yanakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu kwa kilo. Kilo! Chuma kilichovusha mji mzima kwenye kiangazi kinapimwa kama sufuria iliyotoboka.

Mimi si mwanahistoria, chuo chenyewe niliacha katikati. Lakini hii kazi haitaki digrii. Inataka simu yenye chaji na adabu. Kama una awoowe, yaani babu, au adeer au jirani aliyeshika usukani njia hizi, kaa naye. Salimia vizuri, kunywa chai, usimkimbize. Muulize lori lake la kwanza lilikuwa la aina gani na la nani. Njia ilipita wapi kabla ya hii ya sasa. Alikwama wapi muda mrefu zaidi, na nani aliwasaidia. Miaka ya vizuizi alipitaje, alionyesha karatasi gani. Utingo wake alikuwa nani, na yuko wapi leo. Muombe akuonyeshe leseni yake ya zamani, ile ya kitabu chekundu yenye mihuri. Piga picha kila ukurasa. Ukiona bodi la lori kuukuu nyuma ya nyumba, piga picha ya namba plate kabla mtu wa mizani hajafika. Na muulize kama anakubali utoe jina lake. Wengine wana sababu za kukaa kimya, na hizo sababu ni sehemu ya historia pia.

Rekodi kwa lugha yake. Kisomali, Kiborana, Kiswahili cha barabarani, chochote. Tafsiri itakuja baadaye. Sauti ikishapotea hairudi.

Machi au Aprili hivi tutatazama tena magari ya Naivasha, na mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia. Ila wiki hiyohiyo, kabla hujaposti gari la mtu wa Finland, posti moja la dereva wa Garissa. Weka jina lake, lori lake, njia yake. Tuone kama mtu bado atatuambia historia ya magari inaishia Mto Tana.