Nyayo za Laetoli na Ushirikiano wa Taasisi Ngorongoro

Mwaka 1978, huko Laetoli, magharibi mwa kreta ya Ngorongoro, watafiti waliokuwa chini ya Mary Leakey walifukua nyayo za watangulizi wa binadamu waliotembea wima. Nyayo hizo, zilizoachwa katika majivu ya volkano takribani miaka milioni 3.6 iliyopita, zilifuatana kwa mita zipatazo 27. Mwaka 1979 zilifukiwa kwa mchanga na mawe ili zisiharibiwe na jua na mvua.

Hata hivyo, udongo uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga. Mbegu ziliota, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mizizi ilikuwa imekwisha kuutishia uso wenye nyayo. Hatari hiyo ndiyo iliyozikutanisha taasisi ambazo majukumu yao yalitofautiana. Idara ya Mambo ya Kale ilikuwa na dhamana ya kisheria juu ya malikale. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ilisimamia ardhi. Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani ilikuwa na wataalamu na fedha. Mwaka 1993 Idara na Getty zilianza mradi wa pamoja.

Katika misimu ya 1995 na 1996 mizizi iliondolewa, nyayo zikapimwa na kupigwa picha, kisha zikafukiwa upya kwa mchanga uliochekechwa, vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, na mawe ya volkano. Kifuniko hicho kilidai utaratibu mpya wa kazi: bila watu wa kung'oa miche mara kwa mara, kosa la 1979 lingejirudia. Ulinzi nao usingewezekana bila wafugaji wa Kimaasai waliolizunguka eneo hilo. Kwa sababu hiyo wazee walishirikishwa, na mwaka 1996 kiongozi wao wa dini aliongoza ibada iliyoambatana na kuchinjwa kwa kondoo.

Mgeni apandaye kutoka Karatu na kupita lango la Loduare huoneshwa nakala ya nyayo hizo katika makumbusho ya Olduvai. Mwaka 2011 sehemu ya nyayo ilifunuliwa kwa muda, na pendekezo la kujenga makumbusho juu yake likazua mjadala: je, urithi usioonekana unamfaa nani? Wahifadhi walisisitiza usalama wa nyayo; wengine walitazama elimu na mapato ya utalii.

Swali hilo limezidi uzito tangu mwaka 2022, serikali ilipoanza kuwahamishia wakazi wa Ngorongoro Msomera, wilayani Handeni, kwa utaratibu inaouita wa hiari na ambao baadhi ya wakazi wanaupinga. Mchanga na mawe vyaweza kununuliwa na kubebwa. Jirani aliyeombwa kulinda, akakubali, akapabariki mahali hapo, hapatikani kwa zabuni. Na akiondoka, taasisi zilizobaki zitalazimika kuujenga upya ushirikiano ambao nyayo hizo ziliuzaa.